Dirisha la Basi la Msamvu: Namna Kirusi cha Korona Kilivyosafiri Miongoni mwa Watu Wasioweza Kukaa Ndani

Msamvu, mjini Morogoro, ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapogawanyika. Mkono mmoja huelekea Dodoma na kuendelea hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Mkono mwingine hukata mbuga ya Mikumi kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma, mlango wa Zambia. Abiria, madereva wa malori, wapiga debe, mamalishe na wachuuzi wa karanga hukutana hapo mchana na usiku. Kwa sababu hiyo stendi ya Msamvu ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo ambalo mwaka 2020 lilieleweka polepole mno, hata miongoni mwa wataalamu: kirusi cha korona hupita njia ipi hasa, na kwa hiyo ni tahadhari ipi iliyostahili kutangulizwa na mtu asiyeweza kukaa nyumbani.

Tarehe 16 Machi 2020 aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, msafiri aliyeingia kupitia Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake shule zilifungwa, na vyuo vikafuata. Nchi za jirani zilichukua hatua kali zaidi. Rwanda iliwataka watu wabaki majumbani tangu wiki ya tatu ya Machi; Uganda ilisimamisha usafiri wa umma; Kenya iliweka marufuku ya kutembea usiku kuanzia tarehe 27 Machi, na mwezi Aprili ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Tanzania haikuwafungia watu ndani. Masoko yaliendelea, nyumba za ibada ziliendelea, na mabasi yaliendelea, ila abiria walitakiwa wote wakae vitini na asisimame mtu, utaratibu ambao watu waliuita «level siti».

Uamuzi huo umejadiliwa sana, na utaendelea kujadiliwa. Kwa mfanyakazi wa afya, hata hivyo, swali lenye manufaa zaidi lilikuwa jingine. Mama anayeteremsha mkungu wa ndizi kutoka Kinole, au tenga la kabichi kutoka Mgeta, hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Mboga hainyauki kwa kufuata matangazo ya redio. Asiposhuka leo, jioni hakuna unga. Mpiga debe hulipwa kwa basi lililojaa, na kijana wa bodaboda ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki kila siku. Kumwambia mtu wa namna hiyo «kaa nyumbani» bila kumwambia neno la pili ni kumwacha mikono mitupu. Neno la pili ndilo linaloshughulikiwa hapa.

Lilikuwepo tatizo jingine. Mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu za taifa zilikoma kutangazwa, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Taarifa zilianza kurejea katikati ya mwaka 2021. Katika kipindi hicho hapakuwa na namba ya kumwambia mkazi wa Kihonda au Mji Mpya kwamba wiki hii hatari imepanda au imeshuka. Watu walikadiria kwa macho: misiba mtaani, kikohozi cha jirani, gari la wagonjwa lililopita usiku. Namba zinapokosekana, ufahamu wa njia ya maambukizi huwa na thamani kubwa zaidi, kwa kuwa njia ni ileile wagonjwa wakiwa kumi au elfu kumi.

Ndoo na hewa

Alama ya mwaka 2020 ilikuwa ndoo ya maji tiririka. Ilisimama mlangoni mwa duka, benki, msikiti, kanisa, zahanati na stendi, na pembeni yake kipande cha sabuni au chupa ya kitakasa mikono. Ilikuwa rahisi kuiona, na kiongozi angeweza kuikagua. Hewa haina umbo hilo. Hakuna mkaguzi awezaye kuinyooshea kidole na kusema hii imejaa, hii ni safi.

Mapema katika mlipuko, mafundisho yalisimama juu ya matone mazito na mikono. Mgonjwa akikohoa, ilielezwa, matone huruka umbali wa mita moja au mbili na kuanguka. Mtu huyagusa mezani, kisha hujigusa pua au jicho. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza waziwazi kwamba UVIKO-19 hauenezwi kwa hewa. Mwezi Julai wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi kupinga msimamo huo, na shirika likakiri kwamba maambukizi ya hewani hayawezi kukanushwa katika vyumba vilivyojaa na visivyopitisha hewa. Maelezo yaliyo wazi zaidi yalikuja mwishoni mwa Aprili 2021. Kwa muda wote huo ndoo iliendelea kusimama mlangoni, na dirisha likaendelea kusahauliwa.

Kirusi cha korona ni kidogo sana: kipenyo chake ni takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Hakiruki chenyewe. Husafiri ndani ya majimaji yatokayo kwenye koo na mapafu kila mtu anapopumua, kuongea, kuimba, kupiga kelele au kukohoa. Baadhi ya majimaji hayo ni matone makubwa yanayoanguka haraka. Mengi zaidi ni chembechembe ndogo mno ambazo hukauka kidogo, zikabaki nyepesi, na kuelea kwa dakika nyingi au hata saa kadhaa pale hewa isipobadilishwa. Anayevuta hewa hiyo huzivuta pia. Mgonjwa naye huanza kuambukiza takriban siku mbili kabla hajahisi dalili yoyote, jambo linaloeleza kwa nini kumkwepa anayekohoa hakukutosha.

Njia iliyo rahisi ya kulifikiria jambo hili, na ya kumfundishia mgonjwa, ni moshi wa sigara. Mtu akiwasha sigara uwanjani pa stendi, aliye hatua tano mbali atasikia harufu mara moja tu upepo ukimgeukia. Akiiwasha ndani ya basi lililofungwa madirisha, aliye kiti cha nyuma kabisa ataisikia, na ataendelea kuisikia hata sigara ikizimwa. Mahali popote ambapo harufu ya moshi ingejaa na kukaa, pumzi ya mgonjwa nayo hujaa na kukaa. Mtu akiuliza kama mahali fulani ni salama, na ajiulize moshi ungefanyaje hapo.

Basi moja la China lilitoa ushahidi ulio karibu sana na maisha ya Msamvu. Mwezi Januari 2020, katika jimbo la Zhejiang, mabasi mawili yaliwapeleka waumini kwenye ibada. Safari ilichukua dakika 50 kwenda na dakika 50 kurudi. Basi la pili lilikuwa na watu 68, mmoja wao akiwa na maambukizi bila kujua. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya baridi, na kiyoyozi kilizungusha hewa ileile ya ndani. Kati ya waliokuwa katika basi hilo, wengine 23 waliambukizwa, wakiwemo waliokaa mbali kabisa na mgonjwa. Katika basi la kwanza, lenye watu 60, hakuambukizwa mtu. Dereva wa basi la pili na walioketi karibu na mlango walinusurika, na miongoni mwa walioketi kando ya madirisha yanayofunguka aliyeugua alikuwa mmoja tu.

Hapo ndipo kosa la hesabu lililofanywa na wasafiri wengi linapoonekana. Basi liingiapo Msamvu, wachuuzi hulizunguka, na mikono huinuliwa hadi madirishani ikiwa na maji, karanga, korosho, mayai ya kuchemsha na ndizi. Msafiri mwenye hofu ya korona aliuona mkono ule kuwa ndio hatari. Alipokea chenji kwa ncha za vidole, akafuta noti, kisha akalifunga dirisha. Mkono wa mchuuzi ulikuwa nje, penye upepo, kwa muda usiozidi dakika moja. Hewa aliyojifungia nayo ilikuwa pumzi ya watu hamsini na zaidi kwa saa tatu au nne za kufika Dar es Salaam, au zaidi kwa anayeelekea Mbeya. Alimkimbia mwenye hatari ndogo akajifungia na yenye hatari kubwa, na alifanya hivyo kwa sababu hakuna aliyemfundisha vinginevyo.

Hofu ya noti na vyuma ilikuwa na chanzo chake. Mwezi Machi 2020 watafiti walionesha kwamba, katika maabara, kirusi kingeweza kugundulika juu ya plastiki hadi saa 72, na juu ya boksi la karatasi ngumu hadi saa 24. Habari hiyo ilienea kwa kasi. Kilichochelewa kuenea ni kwamba kugundulika si sawa na kuambukiza. Kufikia Aprili 2021 taasisi ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani ilikadiria kwamba kugusa sehemu iliyochafuka kuna uwezekano wa kuambukiza usiozidi mara 1 katika mara 10,000. Aliyekuwa akipuliza dawa juu ya magunia ya mchele alipoteza jasho na pesa.

Hata hivyo ndoo isitupwe. Kunawa mikono kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa takriban theluthi moja, na Morogoro ni mkoa unaokijua kipindupindu. Tena, si kila kirusi hupita njia moja. Ugonjwa wa Marburg, uliothibitishwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023, huenezwa kwa kugusana na damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au marehemu. Hapo mkono, glavu na sabuni ndizo ngao ya kwanza, na dirisha lina kazi ndogo. Mfanyakazi wa afya atakaposikia jina la ugonjwa mpya, swali la kwanza analopaswa kuuliza ni njia yake. Tahadhari ya ugonjwa wa jana ikihamishiwa kwenye ugonjwa wa leo bila swali hilo, huwa desturi tu.

Basi linaposimama

Kuna hatua ambazo hazigharimu kitu. Iliyo muhimu kuliko zote hupuuzwa sana: basi likiwa limesimama stendini likisubiri kujaa, hewa ya ndani husogea kidogo tu hata madirisha yakiwa wazi, na abiria wanaongezeka mmoja mmoja. Anayeweza kuweka mzigo wake kitini na kusubiri nje hadi dereva awashe gari hupunguza sana hewa ya wenzake anayoivuta. Gari likianza kwenda, dirisha likifunguliwa kwa upana wa vidole vinne tu, kasi ya gari hufanya kazi iliyobaki, hasa kama madirisha ya pande zote mbili na kifuniko cha paa viko wazi. Hewa huhitaji pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja peke yake husaidia. Mawili yanayotazamana husaidia zaidi ya mara mbili.

Barakoa nayo ina mahali pake. Ifunike pua na kidevu, ibane mashavuni, na isishushwe wakati wa kuongea kwenye simu, maana huo ndio wakati pumzi inatoka kwa wingi. Aliyeivaa shingoni mwaka mzima kama kitambulisho hakupata kinga yoyote kwayo. Aliyeivaa vizuri ndani ya basi na kuivua akiwa shambani peke yake aliitumia kwa akili kuliko aliyefanya kinyume chake.

Utaratibu wa «level siti» ulisaidia kwa kiasi, kwa sababu watu wachache hutoa pumzi chache. Ila uliishia kwenye idadi ya watu na haukugusa hewa. Basi lenye watu 50 walioketi kwa utaratibu na madirisha yaliyofungwa lingeweza kuwa baya kuliko lenye watu 60 linalopitisha upepo. Lingekuwa jambo jema kama agizo lingekuwa na mstari wa pili unaomtaka kondakta afungue madirisha kabla ya kukusanya nauli.

Kikwazo kilikuwa mvua. Mlipuko wa kwanza uliikuta Morogoro katikati ya masika, miezi ambayo Uluguru hujifunika mawingu na mvua hushuka kwa siku nyingi. Hakuna anayependa kuloa. Katika hali hiyo madirisha ya upande usiopigwa na mvua, pamoja na ya nyuma, yangeweza kubaki wazi. Na mvua ilipokatika, dakika kumi za kufungua yote zingeisafisha hewa iliyorundikana.

Huko juu, baridi ni kizuizi cha aina nyingine. Mgeta hulala kwa baridi kali mwezi Juni na Julai, na nyumba nyingi za milimani zina madirisha madogo ambayo huzibwa kwa mbao au gunia jioni. Watu hukusanyika jikoni kuota moto. Mtu aliyeshuka Msamvu asubuhi kuuza mboga na kurudi jioni na kirusi anakileta kwenye chumba ambacho kingeupokea ugonjwa kwa urahisi kuliko stendi yenyewe, ingawa stendi ndiyo iliyoogopwa. Soko la wazi lenye kelele lilitisha kwa wingi wa watu. Chumba tulivu cha watu sita hakikumtisha mtu.

Matanga yana hatari hiyohiyo. Kumwambia Mluguru, au Mtanzania yeyote, asiende kuwafariji wafiwa ni kumtaka avunje jambo lililo juu ya sheria. Si lazima avunje. Maturubai ya nje, yaliyoachwa wazi pembeni, ni salama kuliko sebule. Kinachodhuru ni kulala wanawake ishirini kwenye chumba kimoja siku tatu, milango ikiwa imefungwa. Kuimba nako huongeza kiasi cha chembechembe mara nyingi kuliko kupumua kimya. Katika jimbo la Washington, Marekani, kwaya moja ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu tarehe 10 Machi 2020. Kati ya watu 61 waliohudhuria, 53 waliugua na wawili wakafariki. Hawakushikana mikono usiku ule, na walikuwa wamewekewa kitakasa mikono mlangoni.

Mgonjwa akiwa nyumbani

Wapangaji wengi wa Morogoro huishi katika nyumba za vyumba vinavyotazamana, korido katikati, choo na jiko uani. Kumtenga mgonjwa chumba cha peke yake si rahisi kwa familia yenye chumba kimoja na sebule. Kinachowezekana ni haya: mgonjwa apewe sehemu iliyo karibu na dirisha, mlango wa chumba chake unaoelekea korido ufungwe na dirisha la nje lifunguliwe, chakula kiliwe uani badala ya ndani, na mhudumu awe mmoja, tena asiwe bibi au babu. Kwa kawaida dalili huanza siku ya pili hadi ya 14 baada ya kuambukizwa, kwa wengi karibu siku ya tano. Wanaoishi naye wajichunguze kwa muda huo.

Nyungu inahitaji neno la wazi, kwa kuwa mwaka 2020 na 2021 iliingia karibu kila nyumba. Mvuke wa majani ya mwarobaini au mkaratusi humpa mtu mwenye mafua unafuu wa pua, na hakuna sababu ya kuudharau unafuu huo. Hauui kirusi kilichokwisha ingia ndani ya seli za mapafu. Joto linaloweza kukiua lingemuua mwenye mapafu kwanza. Hatari zake ni mbili. Ya kwanza ni kuungua, hasa watoto wanaofunikwa juu ya sufuria inayochemka. Ya pili haikusemwa vya kutosha: familia ilipojifunika watu watatu au wanne chini ya blanketi moja, mmoja wao akiwa mgonjwa, iliunda chumba kidogo kuliko vyote, chenye hewa isiyotoka na kila mtu akivuta pumzi kwa nguvu. Anayetaka kujifukiza ajifukize peke yake, maji yakiwa yameepuliwa motoni, na aliye na shida ya kupumua asikawie hapo. Aende kituo cha afya.

Dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kusubiri asubuhi ni kupumua kwa haraka au kwa shida akiwa amepumzika, kubanwa kifua kusikoisha, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, na midomo au ulimi kubadilika rangi. Wengine oksijeni yao hushuka bila wao kuhisi kukosa pumzi, na hawa ndio waliowashtua wauguzi kwa kuanguka ghafla. Kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni husaidia kuwagundua. Kipimo kikiwa chini ya asilimia 94, mgonjwa achunguzwe. Kikiwa chini ya 90, anahitaji oksijeni. Tahadhari moja ni muhimu kwa Afrika: utafiti uliochapishwa Desemba 2020 ulionesha kwamba vifaa hivyo huweza kusoma juu kuliko hali halisi kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi. Rangi ya kucha na hina navyo huweza kuharibu kipimo. Mgonjwa anayehema mara 30 kwa dakika huku kifaa kikionesha 95 aaminiwe yeye kabla ya kifaa.

Deksamethasoni ilithibitishwa mwezi Juni 2020 kupunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliokuwa wakipewa oksijeni pekee. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida, na inaweza kupandisha sukari na kudhoofisha kinga. Mgonjwa wa nyumbani anayeinunua duka la dawa kwa sababu jirani aliponea kwayo anajiumiza. Kinga iliyo bora ilikuja baadaye: shehena ya kwanza ya chanjo, zaidi ya dozi milioni moja za Johnson & Johnson, ilipokelewa nchini tarehe 24 Julai 2021, na siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani.

Swali la muuguzi

Historia ya mgonjwa huchukuliwa kwa haraka, na maswali huwa yaleyale: homa lini, kikohozi lini, umetumia dawa gani. Hewa haiulizwi. Mfano ufuatao, wa mama mzee aliyeshuka kutoka Matombo, unaonesha jinsi maswali machache yanavyoweza kuongeza manufaa bila kurefusha foleni.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu.

— Pole kwa safari. Kikohozi hiki kina muda gani?

— Wiki ya tatu sasa. Nilidhani ni mafua ya baridi tu.

— Unalala chumba kimoja na nani?

— Na wajukuu wawili. Mama yao yuko Dar.

— Chumba kina dirisha?

— Lipo, lakini tumeliziba gunia. Huko kwetu usiku kunauma.

— Basi leo tutachukua makohozi tuyapime, ni bure. Ukirudi, gunia litolewe asubuhi jua likitoka, lirudi usiku ukilala. Na wajukuu walale chumba kingine mpaka majibu yatoke.

— Watalala kwa shangazi yao. Ila mdogo atalia.

— Mchana mkae naye nje, mama, kivulini. Nje hakuna tatizo.

Muuguzi katika mfano huu hakutaja UVIKO-19 hata mara moja. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinataka kupimwa kifua kikuu, na Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kifua kikuu hupita njia ileile ya hewa. Dharura ya kimataifa ya UVIKO-19 ilitangazwa kuisha tarehe 5 Mei 2023, ndoo nyingi zimeondoka milangoni, lakini kifua kikuu hakijatangaza kuondoka, na basi lililojaa na chumba kilichozibwa gunia vinakihudumia vilevile.

Vituo vya afya vyenyewe vinahitaji kujitazama. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulipima ni mara ngapi hewa ya chumba hubadilika kwa saa. Vyumba vyenye madirisha na milango iliyofunguliwa vilibadili hewa mara 28. Vyumba vya kisasa vyenye mashine za kuvuta hewa vilibadili mara 12. Majengo ya zamani, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalifikia mara 40. Majengo mapya yanayotegemea madirisha yaliishia 17. Wodi za zamani zilizojengwa kwa ajili ya upepo, ambazo nyingi bado zipo nchini, hazikuwa ushamba. Zinapokarabatiwa na kuwekewa madirisha madogo ya vioo visivyofunguka pamoja na kiyoyozi, huenda zikapendeza na wakati huohuo zikapoteza kinga iliyokuwa ndani ya ukuta.

Kabla ya kusubiri bajeti, mganga mfawidhi anaweza kusimama penye benchi la wagonjwa wa kikohozi saa nne asubuhi, foleni ikiwa ndefu, na kuuliza kama moshi ungetoka hapo. Ikiwa benchi limo ndani ya korido iliyofungwa pande zote, lihamishiwe kwenye baraza au chini ya mti. Mvua ikinyesha, lirudi hadi karibu na mlango, mlango ukiwa wazi, na wanaokohoa waitwe kwanza.